Nani Alikuwepo? Fuvu la Kalenga na Insha Yenye Vyanzo 11

Sentensi iliyotuchukulia wiki tatu ni hii: “Mwaka 1954 Gavana Twining alirudisha Kalenga fuvu la Mtwa Mkwawa lililokuwa limepelekwa Ujerumani.” Aliyeiandika ni kijana wa kidato cha tano, mchapakazi, mwenye mwandiko ambao mwalimu huushukuru saa nne usiku akiwa bado na rundo la madaftari mezani. Mwisho wa insha aliorodhesha vyanzo 11. Nikazungushia duara jekundu maneno manne, “fuvu la Mtwa Mkwawa”, na pembeni nikaandika neno moja: Umejuaje?

Kesho yake, mapumziko ya chai, alikuwa mlangoni pa ofisi ya walimu. “Shikamoo Mwalimu. Samahani, sijaelewa. Vyanzo si nimeviweka? Viko 11.” Hakuja kubisha. Alikuwa ameumia kidogo, na nilimwelewa, maana kila alichofundishwa kuhusu vyanzo alikifanya. Kasoro ilikuwa kwenye kile tulichomfundisha.

Kwa aliye mbali na Iringa, mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, tunayemwita Mkwawa, alikuwa mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wake waliuvizia msafara wa jeshi la Wajerumani pale Lugalo wakausambaratisha, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akafia hapo hapo. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Julai 1898, mgonjwa na amebanwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Doria iliyokuwa ikimfuata chini ya sajenti meja Merkl ilimkuta ameshakufa. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kituoni Iringa kwa mkuu wa kituo, Tom von Prince.

Baada ya hapo, kimya. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Horace Byatt, Mwingereza aliyekuwa akiitawala iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliishauri serikali yake ilidai fuvu hilo, na mwaka uliofuata dai likaingizwa kwenye Mkataba wa Versailles. Ujerumani ikakana. Suala likalala hadi 1953, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen akachagua fuvu moja, na mwaka uliofuata akalikabidhi Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Liko Kalenga mpaka leo, ndani ya kioo, kwenye makumbusho madogo nje kidogo ya mji.

Sasa vile vyanzo 11. Jioni tulikaa chumba cha kompyuta, kijana, wenzake watano na mimi. Walikuwa na ile orodha ya ukaguzi tunayowapa: nani kaandika, lini, anwani ya tovuti inaishia na nini, lugha ni fasaha, matangazo ni mengi kiasi gani. Wameikariri kama sala. Kijana alikuwa ameupitisha kila ukurasa kwenye chujio hilo na kila ukurasa ulipita. Mbili zilizoishia na .org alizipa hadhi ya pekee. Nilipomuuliza .org inapatikanaje, hakuwa akijua kwamba yeyote mwenye fedha kidogo anaisajili bila kuulizwa kama ana shirika au hana. Aliichukulia kama mhuri wa serikali ya mtaa.

Nikawaambia waache kuupima ukurasa, waifuate sentensi. Ukurasa huu unasema fuvu ni la Mkwawa, nani kauambia? Tukaanza kuchora ubaoni, kila chanzo kisanduku chake, na mshale kwenda kwa aliyemwambia.

Kurasa sita zilikuwa na sentensi ile ile, neno kwa neno, na tatu kati yake ziliandika “Bremem” badala ya Bremen. “Hawa wamekopi na kupesti mpaka kosa,” mmoja akasema, darasa likacheka. Walicheka, lakini ndipo walipojifunza kitu ambacho hakikuwemo kwenye orodha yangu: kosa linalosafiri na sentensi ni kama chapa kwenye paja la ng’ombe wa wizi, linakuonyesha zizi walilotoka wote. Nyingine mbili zilirejea makala ya gazeti, na makala yenyewe ilikuwa imemnukuu mtembeza wageni. Moja ilikuwa ya kampuni ya utalii, haikumtaja mtu. Mbili za mwisho zilitokana na maandishi ya wanahistoria, nao kwa suala la utambuzi wa fuvu walirejea maelezo ya Twining. Tulipomaliza, ubao ulikuwa umejaa mishale, na yote iliyokuwa na pa kwenda ilikwenda kwenye kisanduku kimoja.

“Kwa hiyo Mwalimu, nina chanzo kimoja.”

“Unacho kimoja. Na bado hujakihoji.”

Siwacheki wanafunzi. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jaribio lao: waliwakalisha mbele ya kompyuta watu 45, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa taarifa 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti za kupima. Wahakiki hawakukaa kwenye ukurasa. Waliutazama kidogo, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti. Wanafunzi, na wanahistoria si haba, walibaki ndani wakiukagua kwa sura yake, nembo yake na mpangilio wake, wakadanganyika. Mwalimu wa historia akisoma hayo anapata faraja na aibu kwa pamoja.

Ila nina nyongeza yangu, na kisa cha Kalenga ndicho kilichonipa. Kutoka nje ya ukurasa na kutazama pembeni kunasaidia pale ambapo pembeni kuna mtu mwingine anayejua. Kwa Mkwawa, ukitazama pembeni unakuta nakala nyingine kumi, na kila nakala inakuongezea uhakika usiostahili. Hapo huna budi kwenda chini, mpaka ufike kwa mtu aliyeona kwa macho, halafu umuulize aliona nini hasa.

Kwa hiyo tulifuta ubao tukaandika juu kabisa: NANI ALIKUWEPO? Chini yake miaka minne, 1898, 1919, 1953, 1954, kila mmoja na nafasi yake.

Mwaka 1898 alikuwepo Merkl. Binti mmoja aliyekaa nyuma akaunyoosha mkono kabla sijamaliza kuandika jina. “Mwalimu, kulikuwa na rupia 5,000. Si angeweza kukata kichwa cha mtu yeyote akasema ndiye?” Ningetamani kila mtahini asikie swali lile. Hatukulijibu kwa kusema Merkl alikuwa mtu mwaminifu, maana hatumjui. Tulitafuta kama kuna mtu asiye na mgawo kwenye ile zawadi anayesema jambo hilo hilo. Wapo. Wahehe wenyewe, waliokuwa na kila sababu ya kusema mtawala wao yu hai, wanalijua kaburi lake Mlambalasi na wamelitunza. Na upinzani ule wa miaka saba ulikwisha mwaka ule. Mkwawa hakuonekana tena popote. Pande mbili zenye masilahi yanayopingana zinakubaliana kuhusu kifo. Hapo tunaweza kuegemea. Kwamba alikufa Mlambalasi Julai 1898 na kichwa chake kikakatwa, tuliandika kwa wino.

Mwaka 1919 tulikaa nao muda mrefu zaidi, kwa sababu wanafunzi waliufurahia mno. Mkataba wa Versailles unasomeka mtandaoni wote, na kifungu cha 246 hakizidi aya tatu fupi. Aya ya kwanza inaitaka Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Uthman uliochukuliwa Madina na Waturuki. Ya pili inaitaka, ndani ya miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la “Sultani Mkwawa” lililoondolewa kwenye koloni na kupelekwa Ujerumani. Mtoto wa Iringa akilisoma hilo jina ndani ya mkataba uliomaliza vita vya dunia, lazima asimame. Na walisimama kweli, wakasogelea skrini.

“Basi imeisha,” kijana wa insha akasema. “Mkataba wa kimataifa umesema lilipelekwa Ujerumani. Hakuna chanzo kikubwa kuliko hiki.”

Chanzo kikubwa. Neno hilo ndilo linaloponza. Tunawazoesha wanafunzi kupanga vyanzo kama vyeo vya jeshi, mkataba juu, kitabu chini yake, gazeti, halafu babu yako mwishoni kabisa, na wao wanaamini kwamba mwenye cheo kikubwa anasema kweli kuhusu kila kitu. Nikawauliza: ukienda baraza la ardhi la kata na barua ya kudai shamba la jirani, barua hiyo inathibitisha nini? Wakakubaliana kwamba inathibitisha kuwa unadai. Mhuri hauongezi hata hatua moja ya shamba. Kifungu cha 246 kiliandikwa na washindi wa vita. Pendekezo lilitoka kwa Byatt, ambaye hoja zake zinajulikana: kuwapa Wahehe shukrani kwa kuwaunga mkono Waingereza vitani, na kuwaonyesha wenyeji kwamba Mjerumani hana mamlaka tena. Hakuwa ameliona fuvu. Mkataba ni shahidi wa kuaminika kabisa kwa swali la Waingereza walitaka nini mwaka 1919. Kwa swali la fuvu lilikuwa wapi, si shahidi hata kidogo.

Kijana alinyamaza, kisha akasema polepole, “Kwa hiyo chanzo hakiwi kizuri hivi hivi. Kinakuwa kizuri kwa swali fulani.” Niliiandika sentensi yake kwenye daftari langu la maandalio, na tangu hapo nimeitumia bila kumlipa.

Mwaka 1953 alikuwepo Twining. Huyu tulimhoji kwa ukali kwa sababu mishale yote ilikuwa imeishia kwake. Maelezo ni kwamba makumbusho ya Bremen yalikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, 84 kati yake yakiwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliyachambua kwa vipimo, akabakiza yale yaliyokaribiana na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika hayo akalichukua lililokuwa na tundu la risasi.

Kipimo kilichotumika ni uwiano wa upana wa kichwa na urefu wake: gawanya upana kwa urefu, zidisha kwa 100. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 walikipenda sana, wakapangia watu makabila na “mbari” kwa namba hiyo. Badala ya kuwahutubia, niliazima kalipa kubwa ya mbao kutoka karakana, ile ya kupimia magogo, tukapimana vichwa. Tulikuwa saba pamoja nami. Kulikuwa na fujo kidogo kuhusu nywele za nani zibanwe kiasi gani. Mwishoni kijana wa Mtwara na binti wa Kagera wakapata namba moja, sawasawa, na mimi nikapishana nao kidogo tu. “Kumbe sisi ndugu,” yule wa Mtwara akasema. Hakuna maelezo yangu ya nusu saa ambayo yangefanya kazi ya kalipa ile. Kipimo kinaweza kukuambia fuvu fulani huenda si la mtu fulani kwa sababu limepishana mno. Hakiwezi kukuambia ni la nani.

Limebaki tundu la risasi. Tundu linatuambia kwamba fuvu lilipigwa risasi. Lakini haya ni mafuvu yaliyokusanywa katika koloni lililokuwa vitani tangu 1888, likapita Lugalo, likapita Majimaji ya 1905 hadi 1907. Waliokufa kwa risasi hawakuwa mmoja. Hoja mbili dhaifu zikiungana zinapata nguvu kidogo, sikatai. Bado ziko mbali na jina la mtu.

Mwaka 1954 ulituletea shahidi ambaye hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Binti yule wa rupia 5,000 kwao ni karibu na Kalenga, na babu yake, aliyevuka miaka 80, alikuwepo siku ya makabidhiano akiwa mtoto. Wikiendi alikwenda, akapiga goti, “Kamwene, babu,” akamrekodi kwa simu ya shangazi yake. Jumatatu tuliisikiliza. Mzee anakumbuka watu wengi kuliko aliowahi kuwaona, askari waliovaa wakapendeza, mjomba aliyembeba begani ili aone. Binti anamuuliza kama watu waliamini kwamba fuvu ni lenyewe. Kimya kirefu, kuku wanasikika. “Wengine walisema ndilo. Wengine walisema silo, wazungu wametuletea la mtu mwingine. Wazee wengine walilia tu. Mimi mjukuu wangu nilikuwa mdogo, nilikuwa nawaza chakula.”

Darasa liligawanyika papo hapo. Nusu walisema hayo ni masimulizi tu, hayaingii kwenye insha. Nusu walisema mzee ni mwenyeji, anajua kuliko Twining, basi fuvu si lake. Wote walikuwa wakifanya kosa moja la kumpa mzee cheo, wengine cha chini, wengine cha juu. Mzee hakuwa Mlambalasi mwaka 1898 wala Bremen mwaka 1953, na yeye mwenyewe hakudai. Alikuwa Kalenga mwaka 1954, begani kwa mjomba. Kwa swali la kama shaka ilikuwepo tangu siku ile ya kwanza au imezuliwa juzi na watu wa mitandaoni, ni shahidi bora kuliko gavana, ambaye hakuna mtu angemnong’oneza shaka hiyo sikioni. Tena alisema lile neno ambalo vyanzo vingi vilivyochapwa havilisemi: nilikuwa mdogo, nilikuwa nawaza chakula. Shahidi anayekupa mpaka wa alichokiona ni wa kumshika.

Nikarudi ubaoni nikachora mstari kutoka kisanduku cha 1898 hadi cha 1953. “Hapa katikati nani alikuwepo?” Walipekua. Merkl anatufikisha Iringa kituoni. Twining anaanzia kabatini Bremen. Katikati ni miaka 55, na katika yote tuliyoyasoma hapakuwa na mtu anayelibeba fuvu kutoka huku kwenda kule, wala stakabadhi ya melini, wala lebo ya kabatini yenye jina la Mkwawa. Kurasa zote 11 zilikuwa zimelivuka pengo hilo kwa neno “la”. Fuvu LA Mkwawa. Herufi mbili.

Kilichofuata sikukitarajia, ingawa ningepaswa. Juma lililofuata mwanafunzi mwingine, mwenye moto wa siasa, alileta insha mpya: “Fuvu la Kalenga ni la uongo. Twining aliwadanganya Wahehe ili wawe watiifu.” Hoja zake hazikuwa za ovyo. Hali ya hatari ya Mau Mau ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwahitaji machifu kuliko wakati wowote. Wako wanahistoria walioeleza kwa kina jinsi makabidhiano yale yalivyotumikia siasa za utawala kupitia machifu. Nilizungushia duara jekundu maneno “ni la uongo” na pembeni nikaandika: Umejuaje?

Alikasirika. Alidhani nimekwenda upande wa gavana. Nikamwambia nia ya msemaji ni sababu ya kumhoji zaidi, lakini haijibu swali lenyewe. Muuza sukari ana nia ya kukuuzia, na bado kilichomo kwenye kiroba kinaweza kuwa sukari. Twining angeweza kuwa na siasa zake zote na bado, kwa bahati, akawa amelishika fuvu lenyewe. Pengo la miaka 55 linamnyima Twining uhakika, na linamnyima huyu kijana pia. Nadhani hili ni gumu kwa wanafunzi kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu kukosoa kunaonekana ni kukataa, na anayekataa kwa sauti kubwa ndiye anayepigiwa makofi kwenye mdahalo.

Mambo mengine mawili niyapitie haraka. La kwanza ni tarehe. Wawili waliandika 9 Julai 1954, mmoja 19 Juni 1954, na kila mmoja alikuwa na kurasa za kumtetea. Walitaka kutumia kipindi kizima kubishana. Niliwazuia. Kama insha ingekuwa inauliza kama makabidhiano yalitangulia kuanzishwa kwa TANU au yalifuata, siku zile 20 zingekuwa ndiyo hoja yote, na ningewatuma wakatafute magazeti ya wakati ule. Hoja yetu ilikuwa nyingine. Andika 1954, endelea. Kujua chanzo kipi hakistahili muda wako nako ni ujuzi.

La pili ni akili mnemba. Mmoja aliiuliza, ikampa jibu safi lenye kitabu, mwandishi, mwaka na namba ya ukurasa. Tulikitafuta kitabu hicho kwenye orodha za maktaba kubwa tulizoweza kuzifikia, mwandishi naye tukamtafuta. Hakipo, hayupo. Jina lilisikika sawa kabisa, ndiyo maana hakulishuku. Sikumkataza kuitumia, nilimwambia rejea ambayo hujaifungua kwa mkono wako si rejea yako.

Mwishoni mwa wiki ya pili kijana wa insha alikuja na habari aliyoikuta mwenyewe. Mwaka 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia huko Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyokuwa mikononi mwake, mengi yametoka Rwanda, 202 yakiwa ya Tanzania. Kwa vinasaba, mafuvu matatu yalioanishwa na familia zilizo hai hapa nchini. Moja lilikuwa limeandikwa “Akida”, likapatikana kuwa la mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi, yule aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900. Kijana aliisoma kwa sauti kisha akauliza, “Hawa wamevukaje pengo?” Hakuuliza kama tovuti inaishia na .org. Tukaona tofauti: huko Berlin kulikuwa na maandishi juu ya fuvu lenyewe, na juu yake kipimo kinachomtaja ndugu kwa ndugu, siyo namba inayowafanya Mtwara na Kagera kuwa mtu na dada yake. Kichwa cha Meli mwenyewe bado kilikuwa kinatafutwa, na taasisi haikujifanya imekipata.

“Mwalimu, sasa DNA si ingemaliza ubishi wa Kalenga?”

“Labda. Lakini huyo ni babu wa watu. Kaanze kwa wenye babu yao.”

Insha aliyoirudisha ilikuwa fupi kwa kurasa mbili. Sentensi ya mwanzo ilisomeka hivi: “Mwaka 1954 Gavana Twining alikabidhi Kalenga fuvu alilolichagua Bremen mwaka uliotangulia na kulitambulisha kuwa la Mtwa Mkwawa. Utambulisho huo ulitegemea vipimo vya kichwa na tundu la risasi, na katika vyanzo nilivyovisoma hakuna kinachoeleza kichwa kilikuwa wapi kati ya 1898 na 1953.” Vyanzo vilibaki vitano, mmoja wao mzee wa Kalenga, na mbele ya kila kimoja alikuwa ameandika kwa mkono kinashuhudia nini. Aliniletea akiwa na wasiwasi. “Vimepungua, Mwalimu.”

Wiki ya tatu tulikwenda Kalenga wenyewe. Mwenyeji wetu alituzungusha vizuri, akatuonyesha mikuki na ngao, tukafika kwenye kioo. “Na hili ndilo fuvu la Mtwa Mkwawa.” Wanafunzi sita wakanitazama kwa pamoja. Nilimwona kijana wa insha akivuta pumzi, nikajiandaa kumkanyaga mguu, maana kuna mahali pa kufanyia mdahalo na pale sipo. Akauliza tu, kwa adabu, “Samahani kaka, tundu la risasi liko upande gani?” Wakasogea wote kutazama.

Yule binti alibaki nyuma. Wenzake walipoondoka kwenye kioo alikaribia, akainama kidogo, akasema “Kamwene” kwa sauti ambayo hakukusudia niisikie. Tukiwa ndani ya gari nilimuuliza alikuwa anamwamkia nani.

“Aliyemo, Mwalimu. Yeyote awaye.”